Bampa limepasuka: udai bima, ulipe mwenyewe au umbane aliyekugonga?

Wanaouliza swali hili wanafanana. Wana bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, gari linatembea bila shida, ila bampa la nyuma lina ufa wa urefu wa kiganja au limechomoka upande mmoja baada ya kuguswa kwenye foleni ya Mwenge. Kila wanayemuuliza ana jibu lake. Shemeji anasema bima umelipia ya nini kama huitumii. Fundi anasema mletee yeye, Jumamosi jioni unaondoka nalo. Wakala wa bima anasema pitia ofisini tuongee.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Inategemea mambo manne ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuuliza: eksesi yako (sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe) ni shilingi ngapi, punguzo lako la mwaka bila madai ni kiasi gani, kazi nzima ya gereji itafika wapi, na gari umelikatia bima kwa thamani ipi. Mawili ya kwanza na la mwisho yako kwenye mkataba wako, ile karatasi ambayo wengi huiacha kwenye droo ya gari bila kufungua ukurasa wa pili. Lililobaki liko gereji.

Nitalinganisha njia nne (kudai bima yako, kulipa mwenyewe, kumbana aliyekugonga, au kuliacha hivyohivyo) kwa mazingira ya Tanzania, hasa Dar es Salaam. Msomaji wa Mombasa au Nairobi atakuta hesabu ni ileile, karatasi ndizo tofauti. Na kama una bima ndogo, ile ya lazima kisheria inayolipa hasara uliyomsababishia mwenzio, njia ya kwanza ruka. Bima hiyo haitengenezi gari lako hata kwa shilingi moja.

## Vipimo vitakavyotumika

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. La kwanza ni fedha itakayotoka mfukoni mwako leo. La pili ni muda na mizunguko, maana siku ya kukaa kituoni kusubiri trafiki ni siku ya kazi iliyopotea. La tatu ni ubora wa kazi utakayopata. La nne ni mwaka unaofuata: ada ya bima itakuwaje, gari litauzikaje. La tano ni kile kinachoweza kukugeuka, yaani mahali ambapo mpango mzuri huharibikia. Mwishoni mwa kila njia nitasema inamfaa nani.

## Kabla ya kuchagua, fungua bampa

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bampa unaloliona kwa nje ni ganda. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha ni plastiki aina ya polipropilini, laini kiasi kwamba linaweza kubonyea na kurudi lenyewe likabaki na mchubuko tu. Nyuma ya ganda kuna sponji ngumu ya kupunguza kishindo, kisha chuma kinachovuka gari kutoka upande hadi upande. Pembeni kuna vishikio vya plastiki na klipu zinazolibana ganda kwenye fenda. Ganda likirudi sawa baada ya kugongwa haimaanishi kwamba chuma nacho kimerudi.

Mwambie fundi alivue. Ni skrubu kadhaa na klipu, kazi ya muda mfupi kwa anayeijua. Kwa bampa la nyuma, tazama kama chuma kimepinda, kama bati la chini ya mlango wa buti limejikunja, kama buti linafunga bila kusukumwa, na kama taa imeingiza unyevu. Nafasi kati ya bampa na fenda ilingane kulia na kushoto. Ikiwa upande mmoja kidole kinapita na mwingine hakipiti, kuna kitu kimesogea. Kwa bampa la mbele orodha ni ndefu zaidi: kondensa ya AC, ambayo hukaa mbele ya rejeta na hivyo ndiyo hupigwa kwanza, rejeta yenyewe, chupa ya maji ya waipa, honi, fogi laiti na waya zake. Magari yenye sensa za kuegeshea au kamera yana gharama nyingine juu ya hiyo.

Sababu ya kuhangaika hivi ni kwamba ufa unaoonekana kazi ya laki tatu unaweza kuwa umeficha kazi ya milioni na nusu. Na ukishamruhusu fundi anyooshe chuma "mara moja tu bosi, tuone kama kitakaa", umeshaharibu ushahidi ambao mkadiria hasara wa kampuni alitakiwa auone. Kwa hiyo piga picha kwanza: moja ya mbali inayoonyesha gari lote na namba yake, nyingine za karibu, na nyingine za ndani baada ya ganda kuvuliwa. Usirekebishe chochote hadi uamue.

Jambo moja zaidi. Kama kuna mtu aliyeumia, hata kidogo, mjadala wa bampa umeisha hapo. Ni polisi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na hospitali, na bima yako iarifiwe siku hiyohiyo.

## Njia ya kwanza: kudai bima yako kubwa

Mfukoni. Kampuni hailipi kila kitu. Kuna eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijaweka mkono. Mikataba mingi huiandika kwa asilimia ya dai pamoja na kiwango cha chini ambacho haishuki. Kile kiwango cha chini ndicho kinachomaliza madai madogo.

Chukua mfano. Gari limekatiwa bima kwa thamani ya shilingi milioni 15, ada ni asilimia 3.5, sawa na 525,000 kabla ya VAT. Tuseme mkataba unasema eksesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 250,000, na kwamba ulikuwa na punguzo la asilimia 10 la mwaka bila madai. Gereji inasema kazi ni 320,000. Asilimia 10 yake ni 32,000, lakini kiwango cha chini kinakamata: unabeba 250,000, kampuni inalipa 70,000. Mwaka ujao punguzo la 52,500 halipo. Umebakiwa na faida ya 17,500, na hapo bado hujaweka mafuta wala nauli ya kwenda kituo cha polisi.

Sasa fundi amevua bampa la mbele akakuta kondensa imetoboka na taa imevunjika mguu. Makisio yamepanda hadi 1,400,000. Eksesi ni ileile 250,000. Kampuni inalipa 1,150,000, na hata ukitoa punguzo lililopotea umeokoa zaidi ya milioni. Hapo kutodai ni kuichangia kampuni.

Panapoumiza kichwa ni katikati. Kazi ya 600,000 inakuletea 350,000 kutoka kampuni. Kwa mwenye punguzo la asilimia 10 bado kuna karibu laki tatu mkononi. Kwa mwenye punguzo lililokua miaka kadhaa hadi, tuseme, asilimia 25, linaloondoka mwaka wa kwanza peke yake ni 131,250, na akianza upya kupanda ngazi, mwaka wa pili na wa tatu nayo itamgharimu. Weka namba za mkataba wako badala ya hizi zangu. Kampuni hazifanani, na wapo wateja wasio na punguzo lolote. Hao wana kitu kimoja pungufu cha kupoteza.

Muda na mizunguko. Dai dogo lina karatasi sawa na dai kubwa. Utahitaji ripoti ya polisi ya ajali, fomu ya madai iliyojazwa, nakala ya leseni ya aliyekuwa anaendesha, nakala ya kadi ya gari, na makisio ya gereji. Kisha mkadiria hasara aje alione gari. Kisha idhini ya matengenezo. Ukianza kazi kabla ya idhini, jiandae kubishana. Wakala au dalali mzuri wa bima anaweza kukupunguzia nusu ya mizunguko hii, na hapo ndipo utajua kama uliyemlipa ada ni mtu wa kuuza stika tu au ni mtu wa kukusindikiza.

Ubora wa kazi. Kwa kawaida ni mzuri kuliko wa mtaani, kwa sababu gereji iko kwenye orodha ya kampuni na inataka kubaki humo. Lakini uliza mapema: vipuri vitakuwa vipya au vilivyotumika? Kwa gari la zamani, kampuni nyingine hukata sehemu ya uchakavu kwenye kipuri kipya na kukuachia ulipie tofauti. Na bampa la zamani likibadilishwa, kampuni inaweza kulichukua. Usiliahidi kwa jirani.

Mwaka unaofuata. Punguzo linaondoka au linashuka, na dai linaingia kwenye rekodi yako. Dai moja la haki si balaa. Madai madogo mawili matatu ndani ya mwaka mmoja ndiyo humfanya afisa wa kampuni akutazame kwa jicho lingine wakati wa kuhuisha.

Kinachoweza kukugeuka. Matatu hujirudia. Kwanza ni matumizi ya gari: mkataba umeandikwa matumizi binafsi, na ajali imetokea ukiwa na abiria wa programu ya teksi. Dai hilo lina kila sababu ya kukataliwa. Pili ni leseni iliyokwisha muda, au ndugu asiyekuwa na daraja linalotakiwa aliyekuwa anaendesha. Tatu ni thamani iliyopunguzwa ili ada iwe ndogo. Baadhi ya mikataba ina kipengele cha wastani: gari la milioni 15 ukiliandikisha kwa milioni 10, hasara ya 900,000 inahesabiwa kama 600,000, kisha eksesi inakatwa hapohapo. Unapokea 350,000 na kudhani umeibiwa, kumbe ulijipunja mwenyewe siku ya kukata bima.

Dai likicheleweshwa au kukataliwa bila sababu unayoielewa, andika barua kwa kampuni, udai jibu la maandishi. Jibu lisiporidhisha, ngazi inayofuata ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hatua hiyo haina maana kwa dai la 70,000, lakini kwa la milioni inayo.

Inamfaa mwenye uharibifu uliopita ganda, mwenye gari jipya au lenye sensa na kamera, na mwenye gari la mkopo ambalo benki ina jina kwenye bima yake.

## Njia ya pili: kulipa mwenyewe

Mfukoni. Hapa una ngazi tatu. Ya chini ni kuchomelea ufa na kupaka rangi. Ya kati ni kununua bampa lililotumika. Ilala Shauri Moyo na mitaa ya Gerezani Kariakoo ndiko wengi huanzia, na ukibahatika unapata la rangi yako ambalo halihitaji hata kupigwa rangi. Ya juu ni ganda jipya, ambalo huja bila rangi, kwa hiyo bei ya dukani si bei ya mwisho. Katika ngazi zote uliza bei iliyokamilika: ganda, klipu, vishikio, kufunga na rangi. Klipu ni vitu vya bei ndogo ambavyo fundi asiyeambiwa hataweka, na baada ya mwezi bampa linaanza kupiga kelele kwenye matuta.

Muda. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Hakuna kituo cha polisi, hakuna fomu. Ila "jioni unaondoka nalo" ya fundi ipe siku moja zaidi kichwani mwako, hasa msimu wa mvua. Rangi haipendi unyevu na vibanda vingi vya mtaani havina chumba cha kukaushia.

Ubora wa kazi. Unategemea fundi kuliko kitu kingine chochote, na hapa inafaa kujua unachokitazama. Ganda la bampa kwa ndani lina herufi zilizochapwa, mara nyingi PP, yaani polipropilini, au PP pamoja na EPDM, ambayo ni aina ya mpira. Zinamwambia fundi ni plastiki gani, ili achomelee kwa kijiti cha plastiki hiyohiyo. Anayechukua pasi ya kuchomelea waya, akashindilia pini za chuma na kufunika kwa pati, amekupa kitu kitakachoonekana safi siku ya kukabidhiwa. Pati ya kawaida ya bati hukauka ngumu, plastiki chini yake inaendelea kupinda, na ufa unarudi palepale.

Rangi nayo ina hila zake. Polipropilini haishiki rangi kirahisi. Inatakiwa isuguliwe na ipigwe praima ya plastiki kwanza. Ukiona gari ambalo rangi ya bampa inabanduka kama ngozi ya kitunguu huku milango yake ni mizima, hatua hiyo ilirukwa. Kabla hujakubali bei, muulize fundi, "Kaka, praima ya plastiki unayo, au unapiga rangi moja kwa moja?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko picha za kazi zake kwenye simu.

Halafu kuna namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati cha utambulisho, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, sehemu iliyoandikwa rangi na trimu. Nyeupe ya 040 ni ya kawaida na karibu kila mchanganyaji anaiweza. Nyeupe ya lulu ya 070 hupigwa kwa tabaka, na fundi asiyeizoea atakupa bampa linalofanana na gari kivulini na kutofautiana juani. Mwenye lulu au metaliki aongeze bajeti, au atafute bampa lililotumika la namba ileile.

Mwaka unaofuata. Punguzo lako linabaki. Lakini kulipa mwenyewe hakukuondolei wajibu wa kutoa taarifa. Mikataba mingi inakutaka uiarifu kampuni juu ya ajali yoyote, hata kama hudai. Kama uligonga nguzo ya geti lako mwenyewe, usipoarifu hakuna atakayekufuata. Kama uligusa gari la mtu au ukamkwaruza mwendesha bodaboda, arifu kwa maandishi, sema hudai kwa sasa. Mtu aliyeondoka akitabasamu anaweza kurudi baada ya wiki tatu na bili ya hospitali, na kampuni isiyokuwa na taarifa itakuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo.

Kinachoweza kukugeuka. Uharibifu uliofichika kujitokeza baada ya kazi kuanza, wakati milango ya bima imeshafungwa. Dawa yake ni ileile: bampa livuliwe kabla ya uamuzi.

Inamfaa mwenye kazi ambayo bei yake iko chini ya jumla ya eksesi na punguzo atakalopoteza, au juu yake kidogo tu, na mwenye fundi anayemwamini.

## Njia ya tatu: aliyekugonga alipe

Ina milango miwili, fedha taslimu au bima yake, na huwezi kusimama katika yote.

Mfukoni. Ikienda sawa, hutoi kitu. Hakuna eksesi yako wala punguzo lako linaloguswa. Hilo ndilo linaloifanya iwe ya kwanza kufikiriwa pale ambapo kosa si lako, kama ulisimama kwenye taa nyekundu na mtu akaja nyuma yako. Tatizo la taslimu ni kwamba bei hupangwa barabarani, bampa likiwa bado limefungwa, watu wakipiga honi na kondakta wa daladala akisema "Mama, chukua hii hamsini yaishe, sote tunatafuta riziki." Hamsini hiyo haijui kilichoko nyuma ya ganda.

Muda. Taslimu ni dakika. Bima ya mwenzio ni safari ndefu kuliko bima yako, kwa sababu wewe si mteja wao. Lazima trafiki apime ajali na ripoti ionyeshe nani mwenye kosa, kisha ufungue dai kwa kampuni yake, naye awe tayari kushirikiana. Wengine wakishaondoka hapo hawapokei simu.

Ubora wa kazi. Ukipewa fedha, ubora ni wako na fundi wako. Anayesema "nina fundi wangu atakutengenezea" mara nyingi anatafuta nafuu yake. Unaweza kukubali, lakini taja kwa maandishi kazi gani itafanyika.

Mwaka unaofuata. Safi, mradi umetunza karatasi.

Kinachoweza kukugeuka. Mengi. Bodaboda nyingi si mali ya wanaoziendesha, na bima inaweza kuwa imekwisha. Usiitegemee stika kwa macho. Ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya TIRA MIS ukiwa hapohapo, uone kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Piga picha leseni, namba ya gari na mahali magari yaliposimama kabla hayajasogezwa. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: tarehe, mahali, namba za magari, kiasi, majina na sahihi. Fedha ikipita kwa simu, ujumbe wa muamala ni ushahidi mzuri kuliko shahidi aliyekuwa anapita.

Na kuna mtego ambao wengi hawaujui. Ukishapokea fedha na kusaini kwamba yameisha, kisha ukaenda kwa kampuni yako kudai kilichobaki, umewakata miguu. Kampuni ikikulipa ina haki ya kumfuata aliyekugonga irudishiwe, na wewe umeshamsamehe kwa niaba yake. Upande wa pili vilevile: kama wewe ndiye uliyegonga, usiandike "ni kosa langu nitalipa" kabla ya kuongea na kampuni yako. Mikataba hukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini yao. Kuomba radhi na kumuuliza mwenzio kama yuko salama hakujakatazwa popote.

Inamfaa asiyekuwa na kosa, mwenye subira ya kusubiri trafiki, anayeshughulika na gari lenye bima hai au na gari la kampuni inayojali jina lake lililoandikwa mlangoni.

## Njia ya nne: kuliacha hivyohivyo

Hii haiheshimiwi, ingawa kwa gari la kuzungukia Mbagala hadi Kariakoo inaweza kuwa busara tupu.

Mfukoni ni sifuri, muda ni sifuri, ubora ni ule uliopo. Mchubuko kwenye plastiki hauli kutu. Lakini kama chuma cha ndani au bati limechubuliwa rangi, hewa ya chumvi ya pwani haitasubiri. Pakeni rangi ya kuzuia kutu hata kwa brashi. Bampa linaloning'inia lifungwe, taa iliyovunjika ibadilishwe, namba isomeke, vinginevyo trafiki atakuamulia yeye.

Kuhusu mwaka unaofuata, kampuni inapokagua gari wakati wa kuhuisha bima itapiga picha bampa hilo. Likigongwa tena, watasema ufa wa zamani si wao. Ukiliuza gari, mnunuzi atalitaja bampa kabla hajasalimia, na atapunguza bei kuliko gharama ya kulitengeneza. Njia hii inamfaa mwenye gari la zamani asiyekusudia kuliuza karibuni, na anayejua kwamba eneo lake la kuegesha litalikwaruza tena tu.

## Kwa hali yako

Umejigonga mwenyewe kwenye nguzo wakati wa kurudi nyuma, ndani hakuna kilichoharibika, makisio hayazidi jumla ya eksesi na punguzo lako: lipa mwenyewe, ukianzia Shauri Moyo. Makisio yakizidi hapo, kaa na mkataba ufanye ile hesabu ya eksesi na punguzo, na kama jibu linakuletea chini ya laki moja, jiulize mizunguko yake unaithamini kiasi gani.

Umegongwa nyuma, kosa si lako, mwenzio ana bima hai: simamisha, piga picha, mwite trafiki, dai bima yake. Iarifu na yako siku hiyo. Ukiona anazungusha, dai bima yako mwenyewe na uiachie kampuni imfuate. Ndiyo sababu nyingine ya kutosaini chochote barabarani.

Umegongwa na bodaboda asiye na bima na uharibifu ni wa ganda tu: chukua anachoweza kutoa kwa maandishi, au msamehe. Kumfuata mwezi mzima kwa laki moja hakukulipi. Uharibifu ukiwa mkubwa, usipokee kitu, mwite trafiki, nenda bima yako kubwa.

Gari ni la mkopo, au la ofisi: uamuzi si wako peke yako. Soma masharti ya benki, au mpigie anayesimamia magari ofisini kabla fundi hajagusa skrubu. Dereva anayetengeneza kimyakimya ili bosi asijue hubeba gharama yote na bado hubeba lawama siku rangi itakapobanduka.

Unafanyia gari biashara ya abiria kwa bima ya matumizi binafsi: lipia bampa mwenyewe, kisha kabla ya safari inayofuata nenda ukabadilishe aina ya bima. Bampa ni hasara ndogo. Abiria akiumia ndani ya gari hilo, huenda hakuna mkataba wowote utakaokusimamia.

Bima yako inaisha karibuni na bado hujaamua: usisubiri. Taarifa ya ajali ina muda wake kwenye mkataba, na dai linalotajwa mara ya kwanza siku ya kuhuisha huleta maswali mengi kuliko fedha. Toa taarifa sasa, makisio yafanywe, uamuzi wa kudai au kutodai uufanye ukiwa na namba mkononi. Na ukihuisha, uliza kama kuna nyongeza ya kupunguza au kufuta eksesi. Kenya nyongeza hiyo huuzwa na kampuni nyingi; kwako iombe, uone bei yake, na uilinganishe na kile kiwango cha chini kilichokufanya usome makala haya hadi hapa.